Mashine ya Mjomba Imekata Kauli

Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, simu sikioni, kikombe cha chai kikipoa pembeni ya kibodi, na mjomba akisema, "Imekata kauli ghafla, mama, haikuaga hata," na yeye, mtunzaji wa programu huria inayowasomea vipofu kama mjomba maandishi ya kwenye kompyuta, akajibu haraka mno, "Labda mashine imechoka, mjomba, ina miaka kumi na minne"... labda, labda ya nini, na alijua kabla mjomba hajamaliza kusema, ni ile Jumamosi, ile kompaila mpya, chombo cha kugeuza msimbo kuwa amri za mashine, na ule mstari mmoja aliouongeza, kuiamuru igeuze msimbo kwa kutumia kila uwezo wa mashine iliyo mbele yake, na iliyokuwa mbele yake ni hii yake, ya mwaka jana, prosesa yake, ubongo wa mashine, inajua amri ambazo ile ya mjomba haijawahi kuzisikia, programu ikifika kwenye moja tu inajifia, pu, bila neno... kasi iliongezeka asilimia thelathini na moja, alipima mara ishirini, akaandika wastani hadi desimali ya pili, na hakupima hata mara moja kwenye mashine nyingine, "Unanisikia?" "Nakusikia, mjomba," na kwenye skrini mwenzake wa mradi, wanayemwita Mbio, ameshaona malalamiko ya wengine watatu, ameandika, dada wee, usithubutu kurudi nyuma, hizo mashine zipelekwe makumbusho, na zile pongezi za kasi mpya, mia mbili na sita, amezihesabu, za watu wasiomjua, akiliondoa toleo la Jumamosi zinaondoka nalo... mjomba anacheka, "Basi tuizike, lakini tafsiri yangu inatakiwa kesho saa sita, nani atanisomea?" mjomba huyo huyo aliyekuwa akimsikiliza akisoma kitabu cha darasa la pili, macho yameelekezwa dirishani, na sentensi ikichechemea tu anasema, rudi, umeruka neno, hakuwahi kukasirika, rudi tu, na yeye alirudi, haikumuuma wakati ule, imeanza lini kumuuma... chai imefanya utando, Mbio bado anaandika, "Mama, upo?" na anafungua mdomo, na neno linalokuja si labda tena.

Kesho yake, saa mbili kasoro robo asubuhi, alikuwa ameketi sebuleni kwa mjomba, akiijenga programu upya kwenye mashine ileile, kwa kompaila ya zamani, bila ule mstari, dakika arobaini za feni kulalama, na ilipozinduka akaipa kwanza tangazo alilokuwa amewachapishia watu wote, ikalisoma kwa mwendo wake wa kujikokota, toleo la Jumamosi limeondolewa, lilipimwa kwenye mashine moja tu, kosa ni langu, na mjomba akainamisha kichwa, akasema, "Hebu irudie hapo mwisho, sijasikia vizuri," na alikuwa amesikia.