Norbert Zielke Hakatwi

Norbert Zielke wa Saginaw, Michigan, alikuwa bingwa wa kukwepa makato, na kama kuna ubingwa mwingine aliokuwa nao, mkewe Arlene hakuwahi kuuona. Kule Tampa, bandari walikopandia meli, hakulipia maegesho. Gari aliliacha uani kwa binamu yake, akajifanya amekuja kumsalimia. Ndani ya meli hakununua maji, alijaza chupa bafuni. Na sasa meli hiyo kubwa ya starehe ikiwa katikati ya bahari ya Karibi, watu wa meza yao ya chakula cha jioni, ambao walilipa fedha zao waje wapumzike, alikuwa amewageuza wanafunzi.

Somo lilikuwa lile lile kila jioni. Ukiingia kasino ya meli ukachomeka kadi yako ya chumba kwenye mashine ya kamari, ukacheza kwa deni la chumba, wanakukata asilimia tano papo hapo, hata hujajua kama utashinda au utaliwa. Wajinga, alisema Norbert, wanachomeka tu. Ile mashine ya kutolea fedha pale mlangoni nayo ni wizi mtupu. Mwenye akili anapanda na noti zake mfukoni, na kama ni nyingi, anazituma kasino kupitia benki kabla ya safari, anazikuta dirishani kwa keshia zikimngoja, anachota kidogo kidogo na hakatwi hata senti. Hivyo ndivyo alivyofanya yeye. Alisema hivyo huku akijipiga kifua, kana kwamba kuna medali inakuja.

Gaylon Robichaux, fundi bomba mstaafu kutoka Louisiana aliyepangiwa meza hiyo pamoja na mkewe, akauliza kwa upole kama benki haikumtoza chochote kwa kuzituma. Norbert akanywa maji kwanza.

"Hayo ni ya benki," akasema. "Mimi naongelea meli."

Mke wa Gaylon akainamia sahani asionekane anacheka. Arlene hakuinama. Miaka thelathini na nane ya kukaa na Norbert ilikuwa imemkausha uso, na aibu haikuwa na pa kushika tena.

Kilichomsumbua jioni ile ni nyama. Walikuwa wameletewa mapande manene ya ng'ombe, yamebanikwa vizuri, yananukia hadi mate yanatoka, naye hakuweza kuyatafuna. Upande wa kulia hakuwa na meno ya maana tena, si juu wala chini, na upande wa kushoto ulikuwa umechoka kwa kufanya kazi ya pande mbili. Kwa miaka mitatu alikuwa akioka keki za harusi za nusu ya Saginaw, mgongo unamuuma, na kila keki ilikwenda benki ili apandikiziwe meno. Daktari alishampa siku, Jumatatu baada ya safari. Arlene alikuwa ameshaamua chakula cha kwanza atakachokula, nacho ni tufaha, alikate kwa meno kama watu wengine.

Norbert alipoona nyama inasukumwa pembeni, akaivuta sahani.

"Unaacha kitu kilicholipiwa? Lete hapa."

Akala ya kwake na ya mkewe, huku akiendelea kufundisha. Arlene akabaki na viazi vya kuponda, akamtazama akitafuna. Yeye meno yote yapo kinywani, na hajawahi kuyatumia kwa lolote zaidi ya kula na kuropoka.

Kabla ya safari Arlene alimuuliza mara moja tu fedha za kuchezea zimetoka wapi. Norbert akasema ni za lile lori lake kuukuu, kalipatia mteja. Kweli lori halikuwepo tena uani, kwa hiyo Arlene akaliacha lipite. Hakutaka kuanza likizo kwa ugomvi.

Siku iliyofuata meli haikutia nanga popote, na kasino ilifunguliwa tangu asubuhi. Norbert alikuwa na dini yake kuhusu mashine. Mashine iliyokula fedha zako, alihubiri, iko karibu kutapika, na ukiinuka kwenda hata msalani, mtu mwingine atakaa na kuchukua kilicho chako. Hakuwa peke yake katika upuuzi huo. Nyuma ya viti vile walizunguka watu wazima wenye wajukuu, glasi mkononi, wakivizia nani atachoka. Ndiyo maana siku ya kwanza Norbert alimpeleka Arlene dirishani kwa keshia akaandikishwa naye, awe na ruhusa ya kuchukua fedha. Wengine huwaleta wake zao baharini wapigwe na upepo. Wa kwake alimleta wa kutuma.

Baada ya chakula cha mchana alimtuma.

"Dola mia tano. Na usizubae, kuna mama ananitolea macho."

Arlene akaenda dirishani, akatoa kadi, akataja mia tano. Keshia akatazama kompyuta yake, akasema sawa, zitabaki elfu sita na mia mbili. Arlene alidhani amesikia vibaya. Lori lile lilikuwa limeoza sakafu, mtu ukikanyaga unaona barabara. Hata elfu moja lisingefika. Akauliza akaunti ilianza na kiasi gani.

"Elfu tisa na mia mbili," keshia akasema.

Arlene aliijua hesabu hiyo. Ndiyo iliyokuwa benki, katika akaunti yenye majina yao wote wawili, hadi keki ya mwisho, ile ya ghorofa nne ya binti wa mchungaji. Kwa mara ya kwanza katika safari ile hakumwonea mumewe aibu. Alimchukia, wazi kabisa, na chuki yenyewe ilimpa nguvu. Alimwambia keshia afute mia tano, ampe zote.

Alipewa elfu sita na mia saba, zimefungwa vizuri ndani ya bahasha. Akaisukumia bahasha ndani ya blauzi, akafunga vifungo hadi shingoni.

Norbert hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye mashine, kiganja kimekunjuliwa nyuma, kinangoja.

"Nimetoa zote," Arlene akasema.

Kiganja kikabaki hewani.

"Wamekukata?"

"Hapana."

Norbert akashusha pumzi. Mwanamume mzima, akashusha pumzi na kutabasamu. "Umeona sasa? Ingekuwa kadi ya chumba wangeshatula." Kisha ndipo neno lenyewe likamfikia, taratibu, akageuka. "Zote zote?"

"Zile ni meno yangu, Norbert."

Akapunguza sauti, akaanza kubembeleza. Alikuwa amekopa tu, angerudisha kabla ya Jumatatu na zaidi, mashine hii iko karibu sana, Arlene angepandikiza hata ya dhahabu akitaka. Alipoona uso wa mkewe haulegei, akajaribu hesabu.

"Halafu fikiria, nimezituma bila makato. Pale hujapoteza kitu."

"Nimepoteza elfu mbili na mia tano."

"Hizo zimeliwa," Norbert akasema, kwa subira ya mtu anayemwelewesha mtoto. "Siyo makato."

Arlene akamtazama. Kumbe hakuwa akitania wala kujitetea. Aliamini. Ndani ya kile kichwa mlikuwa na hesabu moja tu, na humo Norbert Zielke alikuwa ameshinda.

"Hizi zitatosha meno ya juu," Arlene akasema. "Ya chini utalipa wewe. Tukifika nyumbani nauza boti yako ya kuvulia samaki."

Boti ile alikuwa akiipaka nta kila majira ya kuchipua, akiifuta kwa flana, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Norbert akainuka nusu, uso umembadilika rangi. Papo hapo yule mama wa nyuma, Mtexas mwenye kofia pana, akasogea hatua moja. Norbert akakaa tena.

"Arlene, keti hapa basi unishikie nafasi, tuongee."

Arlene akamgeukia Mtexas.

"Usiende mbali, dada. Huyu hana hata senti."

Akaondoka. Hakukimbia. Alipita katikati ya mashine zote zile na moshi wake, akijua mlango uko mbali na kwamba mtu akitaka kumfuata mkewe anampata kabla hajafika. Alipofika akageuka mara moja. Norbert alikuwa amekaa pale pale, mashine mbele yake imenyamaza, amekishika kiti kwa mikono miwili.