Siku Foleni Ilipokula Hewa

Mama yangu, Restituta, hakuwa mtu wa mizaha. Ndiyo maana siku ile pale zahanati ya Ntobeye siisahau.

Tulimsindikiza Nyirabahizi, mgeni wetu aliyekimbia vita Kongo, akapita Burundi hadi kwetu, binti yake Iradukunda mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu, mkono kama bua la mtama. Utepe wa kupimia utapiamlo ukaishia kwenye nyekundu. Nesi Wiston akafungua paketi ya chakula dawa, karanga zilizosagwa na maziwa.

"Akila, mnarudi naye nyumbani. Akikataa, analazwa hospitali leo hii. Hali hii inaua."

Ira akafumba mdomo. Akatutazama mmoja mmoja, akamsukumia mama yake paketi.

"Hataki," Wiston akasema, akivuta karatasi ya rufaa.

"Anataka," Nyirabahizi akajibu kwa aibu. "Nyumbani walikula saba sinia moja. Nilimfundisha asianze kabla ya wenzake."

"Basi tuanze!" Mama akasema.

"Mama Frida, hairuhusiwi. Hiyo ni ya mtoto."

"Nani anakula cha mtoto?"

Akapiga magoti, akachota hewa kwa vidole vitatu, akatafuna kwa kelele. "Mh! Frida, umezidisha chumvi!"

Nami nikachota. Mzee Erasmus, aliyekuwa benchini akisubiri kufungwa kidonda, akachota. "Restituta kamaliza nyama!"

"Nyama ya nini, nawe huna meno?"

Benchi zima likavamia sinia lisilokuwepo. Wajawazito, wenye homa, wote. Mmoja akajifanya kapaliwa, akapigwa mgongoni kweli.

"Nesi, utakuta tupu!"

Wiston akaiweka karatasi kando, akachota, akalamba vidole.

Ira akacheka. Akanyakua paketi, akafyonza. Erasmus aliponyoosha mkono, akauchapa. "Yangu!" Zahanati ikaangua kicheko, na Wiston akachana rufaa.

Wiki ya nane utepe ulisoma kijani. Mama hakuuona; tulikuwa tumemzika siku tatu kabla.

Msibani sahani zilipoa, hakuna aliyeanza. Ira akatutazama mmoja mmoja. Kisha akachota hewa kwa vidole vitatu, akatafuna kwa kelele.

"Frida, umezidisha chumvi!"

Erasmus ndiye aliyecheka wa kwanza. Tukala.