Gari Lenye Mtu Ndani

Basi lilikuwa limeshavuka taa za makutano na kushika njia ya Cleveland, na Loretta Hruska alikuwa bado ameinua mkono. Andy, mumewe, alikuwa amekwisha kuushusha wake. Alisimama mbele ya duka la piza, jirani na ofisi ya kuandikisha askari, akisoma gazeti la matangazo. Alikuwa kwenye ukurasa wa magari ya zamani, yale yaliyoundwa petroli ilipokuwa bei ya maji, yakatiwa injini kubwa kuliko akili ya mnunuzi.

"Mtoto hata kona hajapinda," Loretta alisema.

"Ndiyo maana nasoma sasa hivi."

Ndani ya basi alikuwamo Travis, mtoto wao wa pekee. Angepitia ukuruta kule Georgia, arudi nyumbani kwa likizo fupi, kisha apelekwe Iraki. Hakuwahi kuwa na gari. Shuleni, na baadaye kwenye kazi ya kupakia mizigo, alikwenda na gari la mama yake, na gari la mama halihesabiki.

Katika bonde lile la Ohio watu walilijua jambo hili kama wanavyoijua siku ya kutoa takataka. Kijana aliyewahi kuliendesha gari lake mwenyewe barabarani hulirudia. Akitoka vitani hai hulirudia. Akiuawa hulirudia vilevile, jioni ya siku ileile, akaketi ndani na mkanda asifunge. Asiyekuwa na gari hana pa kurudia, na wazazi wake hubaki na picha. Padri hakulihubiri, ila naye alipopita karibu na gari lenye mtu alikuwa akisalimia.

Andy alikuwa na dola elfu sita, kiinua mgongo cha kiwanda cha mabomba kilichofungwa. Magari matupu yalikuwa ghali. Huko Warren aliona Chevelle nyekundu isiyo na mtu, kwa sababu mwenyewe alirudi mzima kutoka Vietnam na alikuwa amesimama palepale uani na kitambi chake, akitaka mara tatu ya hizo. Yote yaliyomfaa Andy kwa bei yalikuwa na watu ndani.

Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kutu. Alitembea na sumaku aliyoizungushia leso, akiipitisha taratibu juu ya bodi. Ilipokataa kushika, alijua hapo bati limeliwa, tundu limezibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Alilala chali chini ya kila gari, akafunua kila zulia, akamulika kila buti. Kulikuwa na Pontiac moja kule Salem iliyong'aa juu kama sahani ya harusi, lakini sakafu ilikuwa imetoboka, na ukichungulia kwa chini unaviona viatu vya kijana aliyekuwamo.

"Usilinunue, mzee," kijana alimwambia. "Mvua ikinyesha nalowa miguu."

Andy alimshukuru, akaenda kuangalia jingine. Kiangazi kikaisha, majani yakapukutika, na yeye bado anakataa magari.

"Wewe unanunua gari au unaposa?" Loretta alimuuliza, akigeuza kwenye kikaango pierogi za Ijumaa, zile sambusa za viazi.

"Nikimletea bovu litamfia njiani."

"Mletee tu, Andy. Limfie njiani, lakini awe nalo."

"Kila kitu nilichonunua kwa haraka nilikijutia."

"Asante," Loretta alisema. "Sisi tulichumbiana wiki tatu."

Gari aina ya Nova alilipata theluji ya kwanza ilipokwisha kuanguka. Ilikuwa kwenye banda la Bi Verna Kistler, mjane aliyekuwa akiuza shamba ili ahamie ghorofani karibu na dada yake. Gari lilikuwa la buluu, la mwaka wa sitini na nane, silinda nane, injini yake ileile ya kiwandani. Kwenye kiti cha abiria alikaa Dale, mwanawe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa tangu mwaka wa sitini na tisa. Zamani alikaa kwenye usukani. Alisogea mwaka ambao mama yake alijifunza kuwasha gari, ili apate nafasi, na tangu hapo kila Jumamosi Bi Verna aliliwasha, akaliacha lingurume kidogo mlemle bandani, kisha akalizima.

"Cleveland wameshinda?" Dale alimuuliza Andy. Alikuwa mpenzi wa besiboli.

"Hapana."

"Mwaka huu?"

"Mwaka wowote."

"Afadhali sijapitwa na kitu," Dale alisema.

Andy akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vumbi kichwani na uso wa mtu aliyetoka kupokea komunyo. Chini kulikuwa kusafi kabisa, hakuna hata doa.

"Halijawahi kuguswa na chumvi," Bi Verna alisema. Huko, barabara zikiganda, malori ya kaunti hupita yakimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula magari. "Dale mwenyewe hakulitoa kipindi cha baridi. Nami sikulitoa kabisa."

"Na yeye je? Hamhami pamoja?"

"Nimemwambia. Muulize mwenyewe."

"Mama, ghorofani hakuna gereji," Dale alisema. "Utanipandisha kwa lifti?"

Bi Verna alicheka, kisha akafuta pua. Aliomba kitu kimoja tu, aje kumwona Jumapili. Andy akakubali, akamweleza Dale kwamba atakayeendesha ni Travis.

"Sawa. Lakini mimi nyuma sikai," Dale alisema. "Nyuma ni pa mbwa na wakwe."

Gari lilipelekwa kwa Hruska juu ya trela, limefunikwa turubai.

Travis alikuja likizo mwezi wa Januari. Nywele zilikuwa zimenyolewa na shingo imenenepa. Hakuvua hata koti; alikwenda gereji, akazunguka Nova, akaingia, akashika usukani. Dale alimwonyesha klachi inaposhikia. Travis akawasha. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, moshi ukatoka uani, Loretta akasikia mngurumo jikoni, akaacha sahani zilivyo.

"Baba, nazunguka mtaa mmoja tu."

Andy alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake barabara ilikuwa nyeupe, na si kwa theluji. Lori la kaunti lilikuwa limepita asubuhi.

"Chumvi hiyo," alisema.

"Nitaliosha."

"Kwa chini huwezi kuosha. Inaingia kwenye viungio, inakaa. Gari hili limekwepa chumvi tangu wewe hujazaliwa."

"Mwache aende, mzee," Dale alisema.

"Aprili. Mvua ikishasafisha barabara nitaliweka tayari, atalikuta."

"Aprili sipo, baba. Nitakuwa kule."

"Basi ukirudi. Litakuwa kama lilivyo leo, nakuahidi."

Travis alimtazama, akazima injini. Hakuwa mtoto wa kubishana. Likizo yake aliimalizia mlemle, akiing'arisha milango kwa nta na kupiga soga na Dale. Loretta alimwomba Andy amruhusu, jikoni, garini wakienda misa, na mara nyingine mlangoni pa bafu. Andy kila mara alijibu kwamba ameshaahidi Aprili.

Aprili mvua ilinyesha vizuri. Lami ikawa nyeusi na safi. Andy alijaza petroli, akapima upepo wa matairi. Wanajeshi wawili waliovaa sare za heshima walisimamisha gari lao mbele ya gereji, na kwa kuwa lilikuwa limeziba njia ya kuingilia, waliomba samahani kwanza kwa hilo, kabla ya kutaja jina la Travis.

Jioni ile Andy alikwenda gereji na kufungua mlango wa dereva. Dale alikuwa peke yake.

"Hajaja?"

"Hajaja, mzee."

"Pengine njia ni ndefu."

Dale aliutazama usukani. "Mimi nilifika siku ileile," alisema.

Walingoja. Andy akaangalia na kwenye gari la Loretta, na kwenye lori bovu la jirani, ambalo Travis alilisukuma mara moja.

Majira yote ya baridi yaliyofuata, kila lori la kaunti lilipopita, Andy aliitoa Nova na kuendesha nyuma yake. Sakafu imetoboka sasa, na Dale hulowa miguu lakini hajalalamika. Bi Verna alikuja Jumapili zote mpaka alipofariki ghorofani kwake. Kwa kuwa aliliwasha tu na hakulitoa barabarani hata siku moja, hakuja garini. Dale alimuulizia mara moja. Ofisi ya kuandikisha askari imechukua na chumba cha duka la piza, na Juni, shule zikifungwa, foleni hufika nje. Loretta amepata kazi ya kupakua chakula kwenye kantini ya sekondari, na askari waandikishaji wanapokuja kuweka meza yao huwapakulia kama watu wengine. Travis amezikwa kwenye makaburi ya parokia. Loretta huenda na maua. Andy haendi. Anasema kule hakuna mtu.