Hosteli Si Nyumba

Mzee Sagini alikuwa na neno lake moja, na kwa miaka tisa alilirudia kila Krismasi kabla hata chakula hakijaombewa: "Hosteli si nyumba." Alimlenga mkaza mwanawe, Drusilla. Naye Drusilla alilimeza neno hilo pamoja na ugali wa wimbi, kwa sababu heshima ni heshima na mkwe ni mkwe. Lakini usidhani lilikuwa linashuka vizuri.

Drusilla ni matroni wa hosteli ya wasichana katika chuo kikuu kimoja huku kwetu, ukishapita Silibwet, pale ambapo majani chai yanaanzia nyuma ya kamba za nguo. Alianza kwa kuosha vyoo. Ndiyo, vyoo, na haoni haya kusema. Leo ana vitanda mia tatu mikononi mwake, na mabomba yanayoziba kila wiki kama yamelipwa kufanya hivyo. Anaishi hapo hapo, vyumba viwili mwisho wa jengo, na mumewe Gichana, dereva wa lori la majani chai, pamoja na watoto wao: Janefer wa miaka kumi, na Arasa wa miaka sita.

Sasa chuo kilikuwa kimempa barua. Walimtaka awe matroni mkuu wa hosteli zote tatu, kwa mkataba wa miaka mitatu, na barua irudi na sahihi kabla ya Jumatatu. Drusilla aliisoma mara nne akiwa amesimama. Gichana aliisoma mara moja, akaketi.

Maana Gichana alikuwa amejenga kwao, upande wa Sotik. Mabati ya buluu, madirisha ya vioo, na ndani hakuna mtu, ni panya tu wanaopokea wageni. Habari za barua zilipofika huko, simu ikalia.

"Mwanamke mwenye boma lake," alisema Mzee Sagini, "hawezi kulala stoo ya chuo akilea watoto wa watu na wake wanajilea. Aandike barua ya kuacha kazi. Jumamosi aje tuketi tuyamalize."

"Jumamosi napokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza," Drusilla akamwambia mumewe. "Sitoki hapa."

"Mama Jane, huyo ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Kwani nimesema ni wa jirani?"

Gichana akakuna kichwa. Maskini, alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulimfuata aliyezungumza mwisho. "Basi nitawaleta wazee huku," akasema.

"Walete."

Jeuri? Haya, iwe jeuri. Lakini niwaambie alikotoka nayo. Drusilla alizaliwa kwenye kambi ya shamba la chai, zile nyumba za mstari ambazo ukikohoa jirani anakwambia pole. Baba yake alipoachishwa kazi, walipewa siku saba wawe wametoka. Drusilla alikuwa na miaka kumi na miwili. Alibeba meza kichwani mpaka barabarani, na hakuna hata mtu mmoja aliyewauliza watalala wapi. Tangu hapo, akimwona msichana amesimama na godoro mlangoni, macho hayajui pa kwenda, humpokea godoro kabla hajamuuliza jina. Kazi hii aliipenda. Aliipenda waziwazi, bila kuomba mtu radhi.

Na ilimuuma pia, tusidanganyane. Muhula uliopita Arasa alishikwa na homa kali huku mama yake akiwa ghorofa ya pili anazibua bomba, na aliyemkanda mtoto maji alikuwa Janefer, dada yake. Drusilla alilia siku hiyo. Kisha akanawa uso akarudi kazini, kwa sababu maji yalikuwa bado yanafurika.

Jumamosi ikafika na watu wake. Kulikuwa na foleni toka mlangoni hadi getini: masanduku, mablanketi, ndoo, mama mmoja na gunia la viazi. Drusilla aliketi kwenye meza chini ya hema, kitabu cha vyumba mbele yake, akipanga. Alikuwa na sheria yake, na hakuna mkubwa wa chuo aliyemfundisha: wasichana wa kijiji kimoja hawalali chumba kimoja. Kijiji kikihamia chumbani, masomo yanatorokea dirishani.

"Matroni, mimi na rafiki yangu tumetoka Sigor pamoja," alisema msichana mmoja aitwaye Fancy, macho tayari yana maji. "Tafadhali tuweke pamoja. Sijawahi kulala na mtu simjui."

"Hata mimi nilipoolewa sikuwa nimezoea," Drusilla akajibu. "Wewe ni chumba cha ishirini na tatu, utalala na msichana wa Lamu anayetetemeka na baridi tangu asubuhi. Ana sweta moja. Wewe una ngapi?"

"Tatu."

"Basi kuna mtu anakuhitaji. Enda."

Fancy akacheka bila kutaka, akabeba ndoo yake.

Hapo ndipo wakwe walipoingia getini: Mzee Sagini na kofia yake ya kanisani, mkewe Bilhah, na Gichana nyuma yao kama aliyewashtaki na kushtakiwa. Drusilla akainuka, akawaamkua kwa mikono miwili, akawapa viti kando ya meza yake. Mzee akakohoa akaanza.

"Mama Janefer, asiyesikia la mkuu..."

"Matroni, ufunguo wangu haufungui!"

"Zungusha kushoto, mama. Ndiyo, Baba?"

"Nasema, asiyesikia la mkuu..."

"Matroni, kitanda changu hakina mbao!"

"Nakuja. Samahani, Baba, endelea."

Mzee aliuanza ule msemo mara tano, na mara zote tano hakufika kwenye guu. Bilhah aliangalia pembeni, midomo imebanwa. Hasira au kicheko, hakuna aliyejua.

Kisha mvua ya saa nane, ambayo huku haikosi, ikaja na mawe. Hema likapasuka upande mmoja. Watu wakakimbilia barazani na magodoro vichwani. Drusilla akakumbatia kitabu chake, akamshika mama mkwe mkono, akawaongoza hadi mwisho wa jengo, akasukuma mlango wake ukawa wazi.

Ndani Janefer alikuwa akimsomesha mdogo wake mezani. Chupa ya chai ilikuwa tayari. Bilhah akaingia, akajipangusa, akaketi. Gichana akaingia. Mzee Sagini akafika kizingitini akasimama pale pale, maji yakimtiririka mgongoni kutoka ukingo wa paa.

"Karibu ndani, Baba," Drusilla akasema.

Mzee hakusogea. Akatazama ndani, akaona kitanda cha mwanawe nyuma ya pazia, akageuza uso haraka.

Gichana akawa wa kwanza kuelewa. Kwa Wakisii kuna chinsoni, ile heshima ya aibu, na watoto wanaijua kabla ya kujua kuhesabu: baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kunyeshe moto. Alikuwa amemleta baba yake mpaka hapo na hakulifikiria hata kidogo, kwa sababu naye, moyoni, hakuwahi kupaita pale nyumba.

"Ingia, Baba, unalowa," Drusilla akarudia, sauti ya upole kabisa. "Wahenga walisema nyumba njema si mlango."

"Siwezi," Mzee akasema chini.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui. Miaka tisa umeniambia hapa si nyumba, ni stoo. Mkwe haogopi stoo. Kama si nyumba, Baba, ingia. Na kama ni nyumba, basi usiniambie tena kwamba sina."

Gichana akafungua mdomo. "Mama Jane, hebu..."

"Nyamaza, Gichana," akasema Bilhah, akijimiminia chai. "Baba yako anafikiri."

Mawe yalipiga mabati. Barazani wasichana walikuwa wamegeuza masikio yote upande huu. Mzee Sagini alikitazama kizingiti kile cha saruji muda mrefu, mtu mzima aliyeishika heshima maisha yake yote. Angeweza kuinua mguu mmoja tu na neno lake la miaka tisa lingesimama. Akavua kofia. Akarudi nyuma hatua mbili, mvuani, kama arudivyo mbele ya mlango wa kila mwana wake.

Drusilla akaona, na machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Akachukua mwavuli, akatoka, akamfunika mkwe wake kwa mkono wa kushoto, akamsogeza hadi barazani. Kwa mkono wa kulia akatoa ile barua ya chuo mfukoni mwa sweta, akaibana ukutani kwa kiwiko, akachomoa kalamu, akatia sahihi jina lake lote, Drusilla Nyakerario, mbele ya Mzee, mbele ya mumewe, mbele ya foleni nzima.

"Haya," akaita. "Anayefuata!"