Tundu Kwenye Paa

Miguu ya Dada Fundi ilikuwa nje ya mlango wa gari la wagonjwa, na mwili uliobaki ulikuwa ndani, chini ya dashibodi, amelala chali na tochi kaiuma kwa meno. Waliopita gerejini asubuhi ile waliisalimia miguu, nayo miguu ikaitikia kwa kutikisika. Alikuwa akifunga redio ya mawasiliano, na kazi hiyo haitaki maneno mengi.

Wako mafundi ambao huvuta umeme kutoka kwenye kiwashio cha sigara, kazi ikaisha kwa robo saa, mtu akaenda zake kunywa chai. Yeye hakuwa na mchezo huo. Waya wake ulitoka kwenye betri yenyewe, ukapitia fyuzi hapo hapo jirani na betri, ili balaa likija iungue fyuzi lisiungue gari, kisha ukaingia ndani kwa tundu alilolivisha mpira ili bati lisije likautafuna. Juu ya paa, katikati kabisa, alikuwa ametoboa tundu la antena, akakwangua rangi upande wa ndani mpaka bati likang'aa. Siku mbili nzima alikuwa kwenye kazi hiyo. Redio yenyewe waliingoja miezi saba, barua ikipanda na kushuka ngazi za idara mpaka pembe zake zikachakaa.

Dereva wa gari lile, ambaye gereji nzima ilimwita Mzee Polepole, alisimama mlangoni akingoja somo lake. Jina lilikuwa la utani na lilikuwa la uonevu pia, kwa sababu akiwa na mgonjwa, mzee yule alikwenda kama upepo; ila gari likiwa tupu alilihurumia. Alibakiza miezi mitatu astaafu.

Dada Fundi alitoka chini, akajipangusa vumbi, akamkabidhi maiki.

"Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Ukiwahi kusema, neno la kwanza linamezwa."

"Na nikimaliza?"

"Sema 'ova', yaani nimemaliza, kisha achia kitufe. Hapo ndipo wengi wanapokosea, mzee wangu. Ukikishikilia humsikii mtu yeyote. Unabaki kusema peke yako."

Mzee alicheka, akasema hata nyumbani kwake yupo mtu wa namna hiyo, na wameishi pamoja miaka thelathini na minne.

Yalibaki majaribio. Kanuni ni kuita kituo kilicho mbali kuliko vyote, na kilichokuwa mbali kuliko vyote ni zahanati ya mlimani, ambako simu za mkononi hutumika kama tochi tu. Huko alikuwa mdogo wake Dada Fundi, nesi, peke yake na mhudumu mmoja. Mzee Polepole akabonyeza, akavuta pumzi kama mtu anayejitayarisha kuzama majini, akaita.

"Gari Tatu, karibu hewani," sauti ya mdogo mtu ikajibu, safi kabisa. "Tumewangoja mpaka tumeota mvi. Ova."

Dada Fundi aligeuza uso akajifanya anatafuta bisibisi. Mwaka uliopita, kabla ya redio hii, mdogo wake alimpoteza mama mmoja mikononi kwa sababu gari lilikuwa njiani na hakukuwa na njia ya kuliambia ligeuze. Alimlilia dada yake kwenye redio ya kituo, kazini, kila mwenye redio akisikia. Tangu siku hiyo Dada Fundi ndiye aliyekuwa akizifuata zile barua ofisi moja hadi nyingine.

Saa tatu na nusu akaja Afisa Usafiri, funguo zikimlilia kiunoni. Kulikuwa na mgeni mkubwa siku ile, anakuja kuzindua daraja jipya, na Mkurugenzi alikuwa ameona kwenye misafara ya wenzake kila gari lina redio. Lake halina. Kwa hiyo redio ihamie gari la Mkurugenzi, kwa leo tu.

Dada Fundi alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye ufunguo wa stoo. Gari Tatu linapeleka chanjo leo, litapita chini ya mlima kwenda na kurudi. Redio ndiyo masikio yake. Tena gari la Mkurugenzi ni jipya, paa halijatobolewa, na bati likishatobolewa limetobolewa.

"Kwani hamna antena ya sumaku?"

"Hatuna, bosi."

"Basi toboa. Gari ni la umma, si la mjomba wako."

Mkono wa mtumishi hauchagui kazi. Alifungua alichokifunga, akaacha nyaya zikining'inia ndani ya Gari Tatu. Tundu la paani akaliziba kwa kizibo cha mpira ili mvua isimwingilie mgonjwa, maana msimu ulikuwa umeanza na mawingu yalishatanda. Kisha akapanda juu ya gari jeupe la Mkurugenzi na drili, akatoboa. Chembe za bati zilimrukia usoni. Mzee Polepole alimtazama, akapakia masanduku ya chanjo akaondoka. Ilikuwa saa tano.

Kufikia adhuhuri idara ilikuwa imehama yote kwenda darajani. Hata karani wa redio alichukuliwa akapange viti. Dada Fundi ndiye aliyeambiwa akae kituoni kwenye chumba cha redio, aandike kwenye daftari kila kinachosemwa na saa yake. Akaandika. Gari la Mkurugenzi, ambalo hewani huitwa Gari Moja, liliuliza maji ya kunywa yako gari gani, nani ana mkasi wa kukata utepe, na kama mgeni anapenda kivuli.

Saa nane kasorobo ikaingia sauti ya mdogo wake, na safari hii haikuwa na utani.

"Kituo, hapa Zahanati. Nina mama amejifungua, damu haikatiki. Nataka gari sasa hivi. Ova."

Dada Fundi aliangalia saa ya ukutani. Gari Tatu kwa wakati ule lilikuwa linarudi, tupu, linakaribia njia panda ya mlimani. Kutoka njia panda hadi zahanati ni dakika ishirini. Kutoka gerejini ni saa moja na nusu, na gerejini hakukuwa na gari lolote. Alipiga simu ya mzee. Haikupatikana, kama alivyojua haitapatikana. Lakini daraja jipya liko dakika tano tu kutoka njia panda, na gari la Mkurugenzi liko darajani, na redio aliifunga mwenyewe kwa mikono yake.

"Gari Moja, Gari Moja, hapa Kituo. Kuna mama anavuja damu zahanati ya mlimani. Naomba mtu asimame njia panda amzuie Gari Tatu. Anapita sasa hivi. Ova."

Ikanyamaza. Aliita tena. Mara ya tatu akajibu Afisa Usafiri, kwa kunong'ona.

"Kituo, mgeni anahutubia. Subiri."

"Bosi, hana muda wa kusubiri. Ni dakika tano tu mpaka njia panda. Ova."

Hakujibiwa. Aliita mara nane zaidi, na kila mara aliandika saa, mwandiko ukizidi kuharibika. Waliporudi, dereva wa Mkurugenzi alimwambia ilivyokuwa: madirisha yalikuwa wazi, sauti ya redio ilikuwa ikitoka nje kwenye hotuba, Afisa akanyoosha mkono akaizima.

Mzee Polepole alipita njia panda saa nane na dakika tano. Hakuharakisha. Hakuwa na sababu.

"Dada," mdogo wake akaita saa nane na dakika arobaini. Aliachia kitufe, akabonyeza tena. "Kituo, hapa Zahanati. Yule mama ameshatutoka. Mtoto yuko hai, mdogo mno, hapumui vizuri. Naomba gari kwa ajili ya mtoto. Ova."

"Nimepokea," akasema Dada Fundi. Alitaka kusema na mengine. Aliachia kitufe kwanza ili asiharibu chaneli, ndipo akalia.

Gari Tatu liliingia gerejini saa tisa na robo, mzee akipiga mluzi. Aliposikia alikaa kwenye ngazi ya gari, akavua kofia, akaikunja mara mbili. Alisema aliiona ile njia panda. Alisema kulikuwa na mbuzi watatu wamelala pale barabarani na alisimama kabisa kuwangoja waondoke. Alirudia habari ya mbuzi kama vile wao ndio waliokosea. Kisha akanyanyuka, akageuza gari kwenda kumchukua mtoto.

Mlinzi hakufungua geti. Afisa Usafiri alikuwa amepiga simu: hakuna gari kutoka mpaka afike yeye mwenyewe.

Alifika baada ya dakika ishirini, maneno amekuja nayo tayari. Gari la Mkurugenzi liliegeshwa kando ya Gari Tatu, matairi yana matope ya darajani. Redio irudi mahali pake sasa hivi, akasema, wakubwa watauliza. Kisha akaingia chumba cha redio, akatoka na daftari, na karatasi ya siku ile akaichana mbele yao bila haraka, kama mtu anayechuma jani.

Dada Fundi aliifunga redio kwa dakika ishirini na tano. Mikono ilikuwa inajua njia, nyaya zilikuwa bado zinaning'inia. Alipanda paani, akang'oa kile kizibo cha mpira akakitia mfukoni, akarudisha antena. Ukimuuliza leo kwa nini hakukataa, atakuambia kuna mtoto alikuwa analia mlimani, na yeye si mtu wa kugomea mtoto.

Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, Afisa aliweka karatasi juu ya boneti. Ilisema kuwa dereva alipokea redio nzima, inayofanya kazi. Tarehe ilikuwa ya jana.

"Mzee, tia sahihi hapa."

Mzee Polepole alipapasa miwani, akasoma kwa kidole. Hakuwa mjinga. "Hii inasema redio nilikuwa nayo."

"Inasema ulipokea."

"Kwa hiyo nilipita pale nikiwa nimeizima."

"Hilo ni la kamati kuuliza, si langu. Gari halitoki bila karatasi. Huo ndio utaratibu."

"Mzee wangu, usitie sahihi," Dada Fundi akasema. "Aliyezima redio tunamjua."

Afisa hakumtazama hata kidogo. Alitoa kalamu, akabofya kichwa chake, akaishika hewani. Mzee aliangalia geti, akaangalia saa, akaangalia ule mlima uliokuwa umefunikwa na wingu. Miaka thelathini ya kazi, miezi mitatu ya kubakiza. Aliichukua kalamu.

"Mtoto hanyonyi sahihi," akasema kwa upole, "lakini bila sahihi gari halitanifikisha kwake." Akaandika jina lake lote, kwa herufi za kusomeka.

Yalibaki majaribio, maana kanuni ni kanuni. Mzee alishika maiki, akabonyeza, akavuta pumzi, akasahau la kusema. Dada Fundi aliichukua mkononi mwake taratibu.

"Zahanati, hapa Gari Tatu. Unanipata? Ova."

Halafu ikaja sauti ya mdogo wake, safi kama ya asubuhi, na nyuma yake kilio chembamba cha mtoto, kinakatika na kuanza tena.

"Nakupata vizuri, dada," akasema. "Nakupata vizuri sana."

Geti likafunguliwa. Mzee Polepole alitoka na king'ora, na kwa mwendo ule hakuna ambaye angethubutu kumwita kwa jina lake la utani.

Afisa Usafiri alikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. Ndipo alipokumbuka. Alitembea hadi kwenye gari jeupe, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akalitazama paa. Tundu lilikuwa pale katikati, la upana wa kidole gumba, kingo zake zimekwanguliwa vizuri, bati tupu linang'aa. Mafundi wengine hawakuwa wakikwangua hivyo. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono wake, na mtu yeyote wa redio angeliona angejua ni tundu la nini na ni la lini, kwa sababu bati halikuwa limepata hata chembe ya kutu.

"Fundi, ziba hili. Paka na rangi. Lisionekane."

Mkono wa Dada Fundi ulikuwa mfukoni, umekishika kile kizibo cha mpira. Kilikuwa bado na ubaridi wa paa la Gari Tatu.

"Vizibo vimekwisha, bosi," akasema.

"Agiza."

"Nitaandika barua."

Alikusanya bisibisi zake, moja moja, akafunga sanduku. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga mabati ya gereji, Afisa alivua koti lake akalitandaza juu ya paa la gari la Mkurugenzi, akasimama pale amelishika kwa mikono miwili lisipeperuke. Dada Fundi alimpita, akarudi chumba cha redio na lile daftari lililochanwa, akakaa kwenye kiti kitupu cha karani, akalifungua kwenye ukurasa mpya, akaanza kuandika upya kutoka saa tatu na nusu asubuhi, Afisa alipokuja kuitaka redio.