Gurudumu la Kulia

Timu ya roboti ilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Nahodha mwenyewe: ukigusa chochote, andika daftarini. Ukikaza skrubu, andika. Ukibadilisha tarakimu moja kwenye programu, andika, utie na saini. Nahodha alikuwa binti wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezaliwa kusimamia foleni, na daftari lile alilikagua kila siku bila kuruka mstari.

Kwa hiyo Konokono alipoanza kupinda, Nahodha alilikimbilia daftari kwanza. Konokono ndiye roboti wao, kisanduku cha bati chenye magurudumu na mkono wa plastiki. Kazi yake ilikuwa kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa meza, kuokota kibao chekundu na kurudi nacho. Mwezi mzima aliifanya bila kinyongo. Sasa alikuwa akivutwa kulia, leo upana wa kidole, kesho upana wa kiganja, na kibao kinabaki pale pale. Daftari halikuwa na neno.

"Hakuna aliyemgusa?" Nahodha aliuliza. "Basi ana pepo."

"Labda pepo kahamia kutoka shule ya pili," alisema Waya, msichana wa kuunganisha nyaya, ambaye hakosi la kusema.

Wote wakamgeukia Kimya. Ndiye mgeni wa timu, aliyehamia wiki tatu nyuma kutoka shule iliyowagaragaza kwenye mashindano ya mwaka uliopita, na hilo jina walimpa kwa sababu maneno yake kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya kanga. Nahodha alihesabu kwa vidole. Konokono naye alikuwa na wiki tatu tangu aanze kupinda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, aliwaza.

Na mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya unaona anatuma ujumbe. Kimya aliwahi kufika asubuhi. Kwa nini awahi? Alitembea na kitambaa mfukoni. Cha kuficha nini? Watu wakiongea, yeye alitazama magurudumu. Siku moja alifungua mdomo, "Nadhani hili la kulia linateleza," na Nahodha akamkata kwamba mgeni hujifunza kwanza.

Hakumwambia mwalimu. Alitaka ushahidi. Kila jioni, kama alivyozoea, alibaki wa mwisho, akamhudumia Konokono kwa mkono wake: akampangusa vumbi, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya kulia iliyokuwa ikilia. Kichupa alipewa na bibi yake mshonaji, aliyeamini kwamba chuma kikilia kina kiu. Jioni moja aliongeza jambo: alinyunyiza unga wa chaki juu ya mfuniko wake, kisha akamfungia kabatini. Kesho yake mchana chaki ilikuwa na alama za vidole vinne.

Za mwizi ni arobaini, lakini Nahodha hakuwa na subira ya kuzifikisha. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, alijibanza nje ya dirisha la maabara. Kimya aliingia, akafungua kabati, akampindua Konokono, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la kulia, ukahangaika hapo dakika nzima.

"Unafanya nini?"

Kimya alishtuka. "Nalifuta, dada. Linateleza. Leo nimelisugua zaidi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Umeandika daftarini?"

"Kufuta tu? Sikujua kama ni kugusa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nahodha alisema, akampeleka kwa mwalimu wa fizikia.

Mwalimu alikuwa amezama kwenye rundo la mitihani. Alivua miwani. "Una hakika, mwanangu?"

"Nimemkuta kwa macho yangu, Mwalimu."

Jina la Kimya likafutwa kwenye orodha ya timu. Hakulia. Alikunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni, akatoka. Nahodha alimwonea huruma, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Mchana huohuo Konokono alinyooka. Waya alicheza kuzunguka meza, na Nahodha akasema, "Mmeona?" mara tatu, ingawa wote walikuwa wameona. Jioni ile, na iliyofuata, ambayo ilikuwa ya kuamkia mashindano, alimtia Konokono matone matatu badala ya moja. Alistahili.

Ukumbi ulijaa wanafunzi hadi mabenchi ya nyuma. Raundi ya kwanza, Konokono aliondoka vizuri, akapinda kulia, akazidi kupinda, akaanguka kutoka mezani na kudakwa na mwamuzi, mama mmoja fundi wa magari. Mama yule alipitisha kidole gumba kwenye mpira wa gurudumu, akakinusa.

"Nani anayetia mafuta hapa?"

Aliwaonyesha kidole kinavyong'aa.

"Ekseli ikizidishiwa, yanatambaa hadi kwenye mpira, na mpira ukila mafuta haushiki meza. Na haya si ya leo, ni ya wiki nyingi. Mna dakika kumi."

Nahodha alihesabu tena kwa vidole. Wiki tatu. Hakuwahi kuandika hata tone moja, kwa sababu kwake ile haikuwa kugusa, ilikuwa kumtunza.

"Ni wewe?" Waya aliuliza polepole.

Alijaribu kufuta kwa mkono wa sweta, mafuta yakazidi kusambaa. Basi akapanda mabenchi mbele ya shule nzima, hadi pale Kimya alipokaa na wenzake wa darasani. "Njoo utusaidie, tafadhali."

Kimya alishuka bila kuuliza. Aliomba spiriti kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akasugua mpira mpaka kitambaa kikawa kinatoka safi.

"Nilikosea," Nahodha alisema. "Mafuta yalikuwa yangu. Nisamehe."

"Nilikuambia linateleza." Kimya hakuinua macho. "Mara mbili."

"Najua. Baki hapa. Nafasi yako ipo."

Kimya alimweka Konokono kwenye alama ya kuanzia. "Atanyooka sasa," alisema, akarudi juu kwenye mabenchi.

Konokono alinyooka. Alikwenda, akaokota kibao chekundu, akarudi nacho, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Waya alimkumbatia Nahodha akimtikisa, lakini macho ya Nahodha yalikuwa juu. Kimya alikuwa akipiga makofi, kwa adabu, kama mtu anayeipongeza timu ya shule nyingine.