Askari Ndani ya Goti

Hebu niambie, mjukuu wangu, umewahi kuyaona maji ya goti? Mimi nimeyaona kwa macho yangu haya, mwaka wa 1986, na hata leo nikikusimulia mwili wanisisimka.

Mapenzi, mke wa mwanangu Kaingu, alivimba goti likawa kama dafu. Mganga akasema ametupiwa kitu pale kizingitini petu, na asiporudishwa kwao Kaloleni hatapona. Kaingu akakubali. Mapenzi akaanza kukunja kanga zake.

"Hospitali kwanza," nikasema.

Daktari Ndirangu alimdunga sindano, akavuta maji ya manjano, yana ukungu. Akayadondosha kwenye kibakuli. Tone, tone, mepesi kama ya mfereji.

"Ya goti zima huvutika," akasema.

"Kama bamia?"

"Hasa, bibi! Kama bamia!" Alifurahi huyo, mpaka akavuta kiti. "Ule ute una nyuzi ndefu, nyembamba hata hazionekani. Ndizo zinazolainisha mifupa isisagane. Za huyu zimekatwakatwa."

Mapenzi akainua kichwa. "Nani kazikata?"

"Askari wako mwenyewe."

Lo! Sote tukamgeukia Kaingu. Naye alikuwa ametoka lindoni moja kwa moja, kwenye hoteli ya Watamu, sare mwilini na rungu mkononi.

"Mimi?" akaruka. "Haki ya Mungu, sijamgusa!"

"Ala! Na hilo rungu je?" Mapenzi akamtania.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Si wewe, bwana! Askari wa damu, zile chembe nyeupe. Zikikuta kijidudu, huchukua hewa hii hii tunayoivuta, zikaigeuza sumu kali, zikakifyatulia. Sasa hapa gotini hamna adui, nazo zafyatua tu. Sumu ndiyo inayoukata ute."

"Nani kawatuma?" Kaingu akauliza.

"Hakuna mtu. Wamekosea wenyewe. Nitampa dawa ya kuwatuliza, ila itachukua muda."

"Kwa hivyo hata akienda Kaloleni..."

"Atakwenda nao."

Nilipiga kigelegele mumo humo chumbani, nesi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua.

Mapenzi alimshika mumewe mkono wa sare. "Sitaki kwenda Kaloleni, baba Dena. Tangu siku ile ya mganga sikutaka. Nataka kukaa kwangu, na wewe."